Sahani ya Kaka Yake Bibi

Ujinga wangu nautanguliza, mwanangu: nilimfufua kijana wa Kikorea aliyepotea vitani, nikamwoza mke, nikampikia na pilau. Usicheke kwa kuwa nakuita mwanangu na hali nimekuzidi madarasa mawili tu; hata nyumbani najifanya mzee. Aliyetangulia kuaibika ni mzee wako.

Ilikuwa Ramadhani iliyopita, hapa kwetu Bawshar. Dada Zuwena anafanya utafiti chuoni Al Khoudh juu ya fasihi ya Korea ya kisasa, wale waandishi walioandika baada ya vita vyao. Alitaka kujua mtu aliyekimbia kwao, kama Bibi yetu aliyetoka Unguja wakati wa mapinduzi akavuka bahari kuja huku, anazisikiaje hadithi zile. Yeye ana mtihani, akanituma mimi nimsomee Bibi hadithi moja kwa Kiswahili.

Hadithi yenyewe ni hii: mama mmoja, mwanawe kachukuliwa vitani, hakurudi wala hakuzikwa. Kila jioni anamwekea wali, anaufunika. Basi mimi na saumu yangu, ukurasa baada ya ukurasa ni wali. Nikachoka. Mwisho nikauruka, nikatunga wangu: mlango ukagongwa, kijana huyo, harusi, pilau.

Bibi akanisogelea. Kisha akauliza taratibu, "Kumbe huwa wanarudi?"

"Wanarudi, Bibi."

Kesho yake tunafuturu, mezani pana sahani imefunikwa kawa.

"Ya nani hii, Bibi?"

"Ya Suleimani."

Suleimani ni kaka yake. Alibaki Unguja siku waliyokimbia, habari zake zisisikike tena, na miaka yote Bibi hakuwahi kulitaja jina lile mbele yetu. Mama akaacha kumimina uji, akanitazama. Unayajua macho ya Mama. Hata sambusa ikipotea hujua iko tumboni mwa nani.

Njia ya mwongo fupi, mwanangu, na yangu iliishia kwenye kawa lile. Nilitafuta mzaha, mdomo ukakataa, na mdomo wangu si wa kukataa kitu.

"Bibi, nilikudanganya. Mwandishi hakusema vile."

Bibi hakunitazama. "Basi nisomee alivyosema."

Nikasoma. Kijana hakurudi. Mama yule kila jioni aliufunika wali, na kila asubuhi akampa mtoto wa jirani mwenye njaa, akimwambia ale, asiache hata punje.

Bibi akaweka mkono juu ya kawa. Niliogopa, wallahi. Kisha akalifunua.

"Huyu sasa kaona vita," akasema. "Yule wako wa pilau kaona njaa tu." Akanisukumia sahani ya kaka yake. "Haya kula, muongo weye. Usiache hata punje."

Nikala na machozi yangu, chumvi juu ya chumvi. Maneno yale ya Bibi, Dada Zuwena kayaweka mwanzo wa utafiti wake. Pilau langu hakulitaja.

Basi shika nasaha yangu. Ukipewa huzuni ya mtu uifikishe, ifikishe kama ilivyo, usiitie sukari. Mzee aliyenyamaza miaka hataki kubembelezwa kwa uongo; anataka kujua kuna mwengine aliyeyaona. Mungu akukinge na ulimi kama wangu, ila akubakishie vichekesho vyake.

Mama akangoja mpaka Bibi alipoinuka kwenda kusali. Ndipo akaniambia, "Mungu akuweke, mwanangu, mpaka uzeeke kweli. Sasa kaoshe sahani ya mjomba wangu."