Upande wa Kushoto wa Mama Salima

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na laiti yangempata mwingine. Ukiona nadanganya, jiulize: nani hutunga uongo wa kujiaibisha?

Napiga picha Masasi. Nina kamera yenye kioo kilichojaa lenzi ndogondogo, zimepangwa kama punje kwenye gunzi. Kila lenzi humwona mtu kwa pembe yake. Picha ikifunikwa kwa kioo cha namna hiyohiyo, ukisogeza kichwa unamwona mtu mpaka pembeni mwa mashavu, utadhani yupo mbele yako.

Huko Newala nilimpiga picha Mama Salima, mama mtu mzima mwenye chale za zamani usoni. Jicho lake la kushoto liliungua utotoni.

"Mwanangu, unipige huku kulia tu," aliniambia.

"Ndiyo, mama."

Kamera ile haijui upande mmoja tu, nami nililijua hilo. Nikaitundika picha kibandani kwangu sokoni. Wateja wakawa wanasogea, wanaliona jicho, wanacheka. Nilicheka nao, Mungu anisamehe.

Siku moja, mchana kweupe, nikamwona Mama Salima kasimama mbele ya kibanda. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikatoka kumpa kiti, nikapita kushotoni kwake. Niamini: shavu lilianza kuonekana, kisha uso wote ukaruka, ukaanza upya kulia. Picha zangu hufanya hivyo ukivuka mwisho wa pembe zake, lakini binadamu? Nikajaribu tena. Ukaruka tena. Upande wa kushoto hakuwa nao, nilikuwa nao mimi ukutani.

Jirani yangu muuza korosho akaniuliza, "We, unamzunguka nani hapo?"

Nikabandua picha, nikapanda gari la Newala. Nilimkuta kwenye foleni ya maji na ndoo yake, mzima, uso wake umekamilika. Akaapa hajafika Masasi mwaka huu. Nikampa picha. Akaisogeza, akaliona jicho, akalitazama sana.

"Wameiona watu?"

"Wengi, mama."

"Walicheka?"

Nikainamisha macho kwenye ndoo yake. Akavuta kanga akafunika shavu lile, mbele ya majirani ambao hakuwahi kujificha kwao hata siku moja.

Tangu hapo, kila ninayempiga picha kwa kamera ile, ukisogea kushoto mwa picha unamkuta kafunika shavu kwa kanga, hata wanaume. Wateja wamenikimbia, wala siwalaumu. Nawe unayeshika kamera, hata ya simu, mtu akikuambia piga huku tu, msikilize. Nimerudi Newala mara nyingi kuomba radhi. Ananikaribisha vizuri, ananipa chakula, na kanga haiteremshi.