Siku Niliyomtafsiria Mama Kiingereza kwa Kiingereza

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkingoja kulisikia kwa kaka yangu Festo mtalipata likiwa na chumvi ya gunia zima. Ni kweli. Mimi Neema, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Tunduma, niliye na shahada iliyotiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni kwa mama, nilisimama mbele ya ukoo wangu wote, na majirani, na mchungaji, maiki mkononi, nikatafsiri hotuba ya Kiingereza kwenda Kiingereza. Siyo sentensi moja iliyoniponyoka. Hotuba nzima, na hakuna aliyenizuia.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kuomba masters. Nilikuwa naomba nafasi ya kusoma masters ya Kiingereza, na waliopita njia hiyo wanajua kwamba kujaza maombi ndiyo kazi rahisi, kwa sababu chuo kile kilitaka kwanza nipimwe kuongea, yaani unakaa mbele ya kompyuta, mtu wa huko ng'ambo anakuuliza na wewe unamjibu papo hapo, bila kamusi, bila kurudi nyuma kufuta. Na mimi (hili naomba lisiwafikie wanafunzi wangu) Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni. Kuandika naandika, kusahihisha nasahihisha mpaka kalamu nyekundu inaomba poo, lakini niwekee mtu anayenijibu na ulimi unakuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi.

Nikampigia Rehema, rafiki yangu wa tangu chuo, ambaye yeye alishavuka na anasoma.

"Shoga, acha kukariri makaratasi," akaniambia. "Fuatisha."

Kufuatisha ni hivi: unaweka spika za masikioni, unamsikiliza mtu anayeongea Kiingereza, na kabla hajamaliza sentensi yake wewe tayari unaisema kwa sauti, lakini siyo kwa maneno yake, kwa maneno yako, tena yawe ya kisomi. Yeye akisema mvua imenyesha, wewe unasema eneo husika limeshuhudia mvua. Hutakiwi kuwaza, mdomo ukimbie tu. Basi nikafuatisha. Nilifuatisha taarifa za habari, nikafuatisha mihadhara, nikafuatisha redio za Zambia (ambazo ukiishi Tunduma zinaingia bila hata kuzitafuta), nikafuatisha nikiwa nyuma ya bodaboda mpaka dereva akaniuliza kama nina mgonjwa ninamwombea. Baada ya wiki kadhaa mdomo ukawa unakwenda wenyewe. Siku moja sokoni nilimkuta mama wa Kizambia akigombana na mwenzake juu ya maharage, kwa Kiingereza, na mimi nimesimama nyuma yake nikiunguruma tafsiri ya kisomi ya matusi yale. Akageuka akaniangalia. Mimi nikajiona nimeiva.

Wakati huohuo nyumbani Mbozi tulikuwa na ibada ya kumbukumbu ya baba, aliyefariki mwaka mmoja kabla, kwa kuwa kaburi lake lilikuwa limeshajengewa. Baba alikuwa dereva wa malori, maisha yake yote ni Tunduma kwenda Kitwe, huko Zambia, na kurudi, na nyumbani alikuwa mtu wa kunywa chai kimya, akaulizia kahawa imechanua vipi, akalala. Rafiki yake mkubwa alikuwa dereva mwenzake wa Kizambia, Ba Chanda (hiyo "Ba" kwao ni ya heshima), ambaye wakati wa mazishi alikuwa mgonjwa na hakuweza kuja. Safari hii akaja, mzee wa watu, miguu imevimba kwa basi, akasema ana maneno ya kumwambia mjane.

Na mama alikuwa anayangoja maneno hayo kuliko kitu chochote. Walipomuuliza kuhusu wageni, kuhusu kwaya, kuhusu ng'ombe wa kuchinja, alijibu, "Fanyeni mnavyoona." Kisha akasema, "Mimi nataka kumsikia yule Mzambia. Huyo amekaa na baba yenu njiani kuliko mimi nilivyokaa naye humu ndani."

Ilishapangwa kwamba Ba Chanda aongee Kibemba na Festo atafsiri, maana Festo anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani na Kibemba anakinywa kama maji. Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo. Nilimfuata Festo nikamwambia aniachie mimi, mzee ataongea Kiingereza, nina mtihani wa kuongea unakuja na ninahitaji mazoezi mbele ya watu.

"Mwalimu, una hakika?" akasema. "Hapa siyo darasani."

"Kaangalie nyama."

Festo, kwa kuwa ni mtu wa nyama, akaenda nyuma ya nyumba. (Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Festo ndiye mkubwa wangu, najua, msinikumbushe.) Ba Chanda nilipomwomba aongee Kiingereza aliduwaa kidogo, nadhani alikuwa ameyapanga maneno yake kwa Kibemba njia nzima, lakini akakubali kwa ile adabu ya Kizambia ambayo humfanya mtu akubali hata asichokitaka. Mimi nikawasha simu irekodi, ili nimtumie Rehema asikie nilipofikia.

Basi mzee akasimama mbele ya turubai, akavua kofia, akasema kwa Kiingereza kwamba anamshukuru Mungu amefika salama. Nikawageukia watu, nikasema kwa Kiingereza kwamba mzungumzaji anatoa shukrani zake za dhati kwa Muumba kwa kufanikisha safari husika.

"Amina," watu wakaitikia.

Na hiyo amina ndiyo iliyonimaliza. Watu wetu ukishika maiki ukanyamaza kidogo watakujibu amina hata kama umetangaza gari linalozuia njia. Baadaye nilikuja kuelezwa kila mmoja alikuwa anawaza nini. Mchungaji alidhani kwanza ninakinyoosha Kiingereza cha Mzambia, kisha nitakishusha kwenye Kiswahili, akawa ananisubiri nishushe. Bibi jirani aliyekaa na mama alidhani ninachoongea ni Kibemba. Vijana walioelewa walidhani labda ndiyo utaratibu mpya. Ba Chanda naye, aliposikia amina baada ya amina, akaamini kwamba watu wa Mbozi wamesoma kupita kiasi, akaongeza mwendo.

Nami nikaongeza. Jamani, siku ile nilikuwa sijikwai! Akisema marehemu alikuwa mkarimu, nasema marehemu alidhihirisha mwenendo endelevu wa kugawana rasilimali. Akisema walikwama matopeni pamoja, nasema walikabiliwa na changamoto za miundombinu. Mahali fulani sauti yake ilishuka, akafuta macho kwa ile kofia, akasema kitu taratibu sana akimwangalia mama, na mimi nikaachia sentensi moja ndefu yenye "licha ya" mbili, nikapumua kwa raha. Mama alikuwa amenikazia macho mdomoni, anatikisa kichwa kukubali. Nikasema moyoni, mama anajivunia mwanawe.

Ba Chanda akamaliza, watu wakapiga makofi. Sentensi za mwisho zilimkuta Festo ametokea nyuma ya nyumba na kipande cha ini mkononi, akasimama, akasikiliza, akamwangalia mzee, akaniangalia mimi.

"Neema," akasema, na maiki ilikuwa bado inawaka. "Mbona wote wawili mnaongea Kiingereza?"

Kisha bibi jirani akasema kwa sauti, "Kumbe siyo Kibemba?" na turubai lote likaangua kicheko. Mchungaji aligeuka kuiangalia mibuni, mabega yanamtetemeka. Wajomba walishikana wasianguke. Mtoto mmoja alianza kulia kwa kuogopa kelele. Mimi nilibaki nimesimama na maiki, nikitafuta sentensi ya kujiokoa, na aibu ilivyo haina huruma, iliyokuja ilikuwa ya Kiingereza.

Mama peke yake hakucheka. Aliniita kwa mkono, nikaenda, nikachuchumaa.

"Umesema vizuri, mwanangu," akaniambia. "Sasa, amesema nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, kwa sababu ndani hamkuwa na kitu. Kule kufuatisha, ndugu zangu, kunapitisha maneno kwenye koo bila kuyagusisha moyo. Nilikumbuka rasilimali, nilikumbuka miundombinu, lakini mtu alikuwa amesimama analia mbele ya mama yangu na mimi sikujua alilia kwa nini. Nikakimbilia simu, nikacheza ile rekodi sikioni: mimi, mimi, mimi mwanzo mpaka mwisho, na Ba Chanda kwa mbali kama redio ya nyumba ya pili. Nikamwona mama ananingoja, mikono mapajani, ametulia kabisa, na hapo niliumia kuliko kicheko chote kile. Alikuwa amengoja mwaka mzima kumsikia mtu mmoja, nami nimemwibia hotuba yake kwa ajili ya mazoezi.

Nilimfuata Ba Chanda alikokuwa anakula, nikapiga magoti. Kile Kiingereza cha kisomi kilikuwa kimekimbia chote. Nikamwambia kwa Kiingereza cha mtoto wa darasa la tatu: baba, mama hakusikia. Kosa langu. Naomba tena.

Mzee akaacha kula. Akasema yote hawezi, yale ameyasema na moyo umekwisha. Ila kuna neno moja atalirudia, kwa sababu ndilo lililomtoa kwao.

Tukaketi watatu pembeni ya nyumba, mimi katikati. Festo akaja ananawa mikono, akataka achukue yeye.

"Mwache," mama akasema. "Amevunja mwenyewe, aokote mwenyewe."

Ba Chanda akaongea sentensi moja, akanyamaza. Mimi nikangoja aimalize yote, kisha nikamwambia mama, wala siyo kwa Kiswahili, kwa Kinyiha chetu. Kwamba baba alikuwa anaogopa barabara. Kwamba tangu waone ajali moja mbaya upande wa Zambia mikono yake ilikuwa inatetemeka akimaliza safari. Kwamba akishavuka mpaka alikuwa haji nyumbani moja kwa moja, anaegesha lori pale Tunduma, anazima injini, anakaa humo ndani mpaka mikono itulie, wakati mwingine mpaka kesho yake, kwa sababu hakutaka mke wake aione.

Mama alitazama mikono yake mwenyewe.

"Miaka yote ile," akasema, "mimi nilimwambia ana mwanamke Tunduma."

Akajivutia kanga mabegani.

"Nilimtajia mpaka jina."

Ba Chanda akaniuliza mama amesemaje, nikamtafsiria, lote, pamoja na hilo la jina. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akafuta macho.

"Hilo nalo alinieleza," akasema. "Nikamwambia, kwa nini usimwambie mkeo ukweli? Akasema, afadhali alale na hasira kuliko alale na hofu."

Hilo nilimwambia mama neno kwa neno. Alijifunika uso kwa kanga, na sikuweza kujua ndani mle anacheka au analia, nadhani vyote viwili. Mimi nililia wazi, mbele za watu, siku ile sikuwa na heshima ya kulinda.

Maombi ya masters nilituma. Mtihani wa kuongea nilifanya, niliongea polepole, nikamngoja mtu amalize ndipo nijibu, na majibu ya chuo bado nayasubiri kama mnavyoyasubiri ninyi. Lakini maiki ya shughuli ya watu sishiki tena, na mtu akiwa na maneno yake ya kusema, mazoezi yangu nitafanya na ukuta. Shuleni wameshanibandika jina, Mwalimu Licha Ya, nimelizoea.

Mama huwa ananipigia simu jioni akishamaliza kazi za shamba. Tunasalimiana, tunaongea habari za kahawa, kisha anasema, "Haya, hebu niambie tena, yule Mzambia alisema nini?" Namwambia. Juzi nikajaribu kupamba, nikaongeza kwamba baba alikuwa anamuwaza sana mle ndani ya lori, akanikatiza hapohapo.

"Hapana," akasema. "Sema alivyosema."