Kishikwambi Kilichotafuta Baridi

Nacheka tu, lakini mwenzenu nilikiona cha moto.

Juzi nilikwenda kijiji kiitwacho Ulaya na Daktari Mwanaidi kuchanja ng'ombe. Yeye alibeba chanjo kwenye sanduku la barafu. Mimi nilibeba kishikwambi kipya cha ofisi, chenye kamera kali na laini ya simu, cha kusajili mifugo. Ilipofika saa sita kikawa cha moto kama pasi, kikaonya kwamba kitajizima. Picha za asubuhi nzima hazijatumwa! Nikaona kazi sina.

Daktari alikuwa ameshanionya: "Sanduku hili asifungue mtu. Chanjo ikipata joto, imeharibika." Nikasubiri ageuke kumwamkia mzee mwenye ng'ombe, nikakitumbukiza humo hivyohivyo kinawaka, nikafunika, nikakaa juu ya kifuniko. Jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi.

"Shikamoo, mzee," alisema Daktari.

"Marahaba." Mzee akatega sikio.

"Daktari," akasema taratibu, "dawa yako inapigiwa simu."

Daktari akageuka. Mimi nilikuwa bado nimelikalia sanduku, nalo linatetemeka.