Gurudumu Nililolificha Kwenye Mahindi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile mama yako alipotoa baiskeli yangu uani akaondoka nayo bila mzigo. Hapa Nyabusozi baiskeli haitoki nyumbani tupu. Hubeba gunia la mahindi ya mashineni, au madumu ya maji, au mgonjwa. Majirani wakamuuliza anaenda wapi. "Siendi kokote," akawajibu, "napunguza mwili." Walicheka mpaka wakakaa chini.

Wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulinipigia simu ukilalamika kwamba mkeo Neema anaendesha baiskeli kila asubuhi, amepungua, na watu wanamtazama. Uliongea kwa sauti ninayoijua, maana ni yangu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa amempima mama yako presha, akamwambia wazi apunguze uzito, la sivyo ataanguka. Mimi sikupenda. Sisi tuliotoka Shinyanga, mke akinenepa ni sifa ya mume. Akikonda, wakwe wanakuja kuuliza binti yao anakula nini. Lakini hilo nilikuwa nalisema mdomoni tu. Moyoni kulikuwa na jambo jingine.

Miezi ikapita, magauni ya usichana wake yakaanza kumwenea tena. Akawa anarudi kutoka njia ya Bisibo jasho linamtoka, anaimba, uso unang'aa. Wanaume waliokuwa wakimsalimia kwa kichwa sasa wakawa wanasimama kabisa. Nikaona wivu, mwanangu. Nilikuwa nakula ugali hauna ladha. Siku moja akasema, "Fundi wa pale njia panda kaniambia nipandishe siti kidogo, magoti hayataniuma." Maneno hayo tu! Mimi nikalala nayo wiki nzima. Huyo fundi kwa nini ayajue magoti ya mke wangu?

Basi nikaanza vituko. Asubuhi nilitoa upepo kwenye gurudumu, akajaza. Nikaficha pampu. Unajua alifanya nini? Aliikokota baiskeli mpaka kwa fundi. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu, nikawa nimempeleka kwa mtu niliyekuwa namwogopa.

Ndipo nikafungua gurudumu la nyuma nikalifukia ndani ya kihenge, chini ya mahindi. Nikamwambia limepinda, nimelipeleka mjini Biharamulo kutengenezwa. Kila alipouliza, nilimjibu fundi wa huko ana kazi nyingi. Akaacha kuuliza. Mwili ukarudi, kuimba kukaisha, na mimi, Mungu anisamehe, nikawa nakula vizuri.

Tukiwa tunapalilia, akaanguka shambani. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma, mdomo wake umepinda upande. Hospitalini, alipoweza kuongea, muuguzi akamuuliza kwa nini aliacha mazoezi. Akanitazama, kisha akajibu taratibu, "Baiskeli iliharibika. Baba watoto bado anahangaika na gurudumu." Alinitetea, mwanangu. Nilitamani anitukane.

Nyumbani wageni walikuwa wamejaa kutupa pole. Bibi yako, mama yangu mzazi, akaingia kwenye kihenge kuchota mahindi ya kuwapikia, mkono wake ukagonga chuma. Alilitoa gurudumu, akalipangusa kwa kanga, akaniita nyuma ya nyumba.

"Hili nani kaliweka humu?"

Nikainama kuokota punje zilizomwagika.

"Nilikuzaa mwenyewe, nakujua ukinyamaza. Mwenzio kaambiwa dawa yake ni hii, wewe umeifukia. Utamwambia mwenyewe, na utamwambia leo."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikarudi hospitali, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema yote: upepo, pampu, fundi, kihenge. Nilimwambia nilikuwa naona atapendeza mpaka anizidi, kisha aniache. Machozi yalimtoka mama yako jicho moja. Halafu akasema, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa. Ningekupakia kwenye keria, twende wote."

Alipona, unamwona. Ila mkono wa kushoto haukupona. Wewe umekua ukijua ni presha tu ndiyo iliyoulegeza. Tangu siku ile haujaweza kushika breki, na hajapanda baiskeli tena. Nilimrudishia gurudumu, lakini baiskeli ikabaki kuwa yangu peke yangu.

Na hata sasa sijapona kabisa. Mtu akimsifu mama yako kanisani, bado kitu kinanichoma hapa kifuani. Tofauti ni kwamba siku hizi namwambia tukiwa njiani, naye ananicheka.

Kwa hiyo sikuambii usione wivu, utauona. Nakuambia usiufanyie kazi gizani. Mwambie Neema kwa mdomo wako kwamba unaogopa, hata kama sauti itatetemeka. Usiiguse baiskeli yake, usimpangie safari, usimtume mtu amfuate. Ukiweza, tafuta baiskeli yako uende naye, maana nimesikia na wewe kitambi kimeanza.

Mungu ailinde nyumba yako, mwanangu. Awape watoto watakaowasalimia shikamoo mkiwa mna mvi. Na akuzeeshe na mke anayeweza kukushika kwa mikono yake yote miwili.