Ukurasa Nilioufunga Kakuma

Nikikumbuka kisa hiki naona kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe.

Kwangu ni Kanamkemer, Lodwar, lakini siku za kazi nilikuwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nikitunza kompyuta za kituo kimoja cha umma ambako watu huja kusoma mtandaoni. Muuguzi mmoja, mama mkimbizi kutoka Kongo, alikuwa na tovuti yake. Aliandika juu ya nabii wa pale kambini aliyewaambia wagonjwa wa kifua kikuu watupe vidonge, akaeleza na jinsi walivyokufa. Niliisoma yote, sikuona tusi hata moja.

Afisa wa serikali akaja, shati limepigwa pasi, mdomo unanuka nyama choma.

"Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana. "Hiyo tovuti ya kutukana dini, funga leo."

"Barua iko, mkubwa?"

"Barua ya nini? Mimi ndiyo barua."

Kila Jumapili afisa huyo huyo alikuwa akikaa mstari wa mbele kwenye ibada ya nabii. Nilijua, na bado nikafunga. Tena kwa uvivu: badala ya kuzuia anwani ya tovuti, niliandika tu neno "nabii" kwenye kichujio cha mtandao wetu, kizuie kila ukurasa wenye neno hilo, nikaenda kunywa chai. Kikombe kikiwa bado mkononi, simu ikalia. Ukurasa wa nabii mwenyewe nao umezimika, afisa anafoka utadhani nimechoma kanisa. Nilikimbia nikaufungua huo peke yake. Wa muuguzi hakuna aliyeuulizia, nami nikauacha umefungwa, nikiogopa kupoteza kibarua. Uchafu mtupu.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja Mkongomani akaingia na binti yake; binti amejifunika kitenge hadi mdomoni, anakohoa.

"Ndugu, banasema kuko mama mwenye anaandikaka juu ya dawa ya kifua. Nabii anasema mutoto aache kumeza. Mi nataka nisome kwanza, ndiyo niamue."

Pakiti ya vidonge vya binti mama alikuwa nayo mkononi. Kuufungua ule ukurasa kungenichukua dakika moja, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamwambia haupo tena.

"Basi unionyeshe ya nabii, nijue saa ya maombi."

Nikamfungulia. Akaazima kalamu yangu, akaandika ile saa juu ya pakiti ya vidonge, akanishukuru.