Miguu ya Kukalia

Poti niliinunua Meru mjini, nyekundu, ya plastiki, yenye mshikio nyuma. Niliibeba mkononi bila mfuko hadi nyumbani Kaaga ili majirani waione vizuri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na nilijiona mama wa kisasa. Binti yangu aliitazama, akaivaa kichwani, kisha akaenda kukojoa nyuma ya mlango.

Alikuwa anakaribia miaka mitatu. Msichana aliyekuwa akimtunza alikuwa ameondoka kwenda kuolewa, mume wangu alikuwa akifanya kazi Isiolo na kuja mwisho wa mwezi, nami nilikuwa na darasa la watoto hamsini, jirani akinishikia mtoto kwa muda. Karibu na shule yetu kulikuwa na nasari ya watoto wadogo, na mama aliyeisimamia alikuwa na sharti moja: mtoto wa nepi hapokelewi. Mwezi wa kwanza angemkaribisha kila mtoto asubuhi moja amwone kama anajua kuomba choo na kukitumia. Aliyeshindwa alingoja mwaka mzima.

Mwaka huo binti yangu angeukaa Mikinduri, kwa mama mkwe wangu. Hakuna aliyeona ubaya wowote ila mimi. Mimi nililelewa na nyanya yangu kule Mbeere, mama akifanya kazi mbali, na siku aliyokuja kunichukua nilijificha nyuma ya ghala nikidhani ni mgeni. Mama alicheka. Lakini mpaka leo sisi wawili husalimiana kwa adabu kupita kiasi, kama watu waliokutana ofisini. Sikutaka binti yangu anisalimie hivyo, na niliogopa.

Kwa hivyo niliishika kazi kwa hasira. Asubuhi, mchana na jioni nilimkalisha kwenye poti. Niliimba, nikabembeleza, nikagomba. Siku moja nilimchapa pajani, jambo ambalo sijivunii. Choo chetu cha shimo tulikitumia wapangaji wa ploti nzima, na tundu lake lilikuwa pana. Nikimwingiza humo alinining'inia shingoni akipiga mayowe. Manyunyu ya Julai yalipokuja, nepi hazikukauka, nikawa nazikausha kwa pasi ya makaa, nyumba nzima ikanuka mkojo wa moto.

Likizo ya Desemba niliitwa semina ya walimu ya wiki mbili, ikanibidi nimpeleke Mikinduri. Nilimkabidhi mama mkwe mtoto na poti, nikamweleza saa za kumkalisha, dakika ngapi, na maneno ya kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, ndiyo mwalimu. Aliniita mwalimu kila nilipozidisha.

Niliporudi niliikuta poti juu ya meza ya jikoni, imejaa maharagwe ya mbegu.

"Ni safi," aliniambia. "Hakuna mtu amewahi kuikalia."

Mtoto hakuwa na nepi, na alikuwa mkavu. Mama mkwe alinionyesha walivyofanya. Aliketi kwenye kistuli nyuma ya jikoni, akavua viatu, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, akaitenga kidogo. Binti yangu akaja mbio, akaikalia, paja moja kwenye goko hili na jingine kwenye lile, wakatazamana, wameshikana mikono. Bibi, ambaye mtoto humwita cucu, akasema shiii, na mkojo ukashuka katikati, mwingine ukimlowesha bibi vidole vya miguu. Kisha akanitaka nami nilete miguu. Nilimwambia nimevaa soksi za nailoni. Ukweli ni kwamba niliona kinyaa. Nililelewa vivyo hivyo, lakini nilikuwa nimesoma.

Tuliporudi Kaaga, mtoto alianza kunivuta sketi na kusema susu. Nilimtoa nje, nikamchuchumaza. Aliitazama miguu yangu ndani ya viatu, akajikaza, na baada ya muda akajikojolea. Nilijipa moyo kwamba angalau anaomba.

Siku ya nasari niliomba ruhusa shuleni, nikavaa nguo ya kanisani na soksi zile zile, nikaketi kwenye benchi nje na akina mama wengine. Saa nne hivi nilimsikia binti yangu ndani akisema susu, kwa sauti, hata nikatabasamu. Yule mama msimamizi alimpeleka chooni. Kilio kikaanza. Walitoka, mtoto amebana mapaja, machozi na kamasi vimechanganyika.

"Huyu bado, mwalimu," aliniambia mbele ya wote. "Mlete mwaka ujao."

Niliona ghala la nyanya yangu. Nilimshika mtoto mkono nikaenda naye nyuma ya choo, penye majani, nikavua viatu, nikazivuta zile soksi mpaka moja ikachanika, nikaketi kwenye ngazi ya saruji na kunyoosha miguu. Akina mama walikuwa wamesimama kuangalia. Mtoto naye aliiangalia miguu yangu, akipanguza pua.

"Hii si ya cucu," akasema.

"Ni ya mama," nikamwambia.

Alifikiri. Kisha akasogea polepole, akaikalia, akanipa mikono yake. Nilisema shiii. Nilihisi joto likipita kati ya vidole, likiteremka hadi kisiginoni, na sikuona kinyaa hata kidogo.

Msimamizi alikuja na kopo la maji, akasimama kando.

"Kuomba anajua. Kuchuchumaa tutamfunza hapa," alisema. "Jumatatu aje na suruali mbili za kubadilisha."

Nilitaka kumshukuru, mwalimu kwa mwalimu, lakini nilikuwa nikilia. Mtoto alikuwa amemaliza kitambo, na bado amenikalia, ananitazama usoni. Sikumwondoa.