Swali la Mwalimu Vumilia kuhusu mwaka sabini na nne

Mwalimu Vumilia, mzaliwa wa Ngokolo, alifundisha historia kidato cha tatu katika shule ya kata nje kidogo ya Katoro. Kitabuni, Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa, ilikuwa na aya mbili tu. Yeye alitaka wanafunzi wajiweke kwenye nafasi ya waliohamishwa, na ya waliowahamisha pia. Akawatuma nyumbani: waulizeni wazee waliishi wapi kabla ya mwaka 1974, na nani aliwatoa. Kisha mwandike, ningekuwa mimi, ningefanya nini?

Kufikia Ijumaa, akisema "mwangaluka" sokoni, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, alijibiwa kwa kuguna. Mama aliyemuuzia nyanya tangu ahamie alisema zimekwisha, na zilikuwa pale mezani. Katika nchi ya dhahabu, anayeuliza shamba lilikuwa la nani zamani ana lake jambo. Mwaka juzi alipita kijana mmoja akiuliza hivyo hivyo. Hazikupita siku nyingi, ndugu wawili wakapelekana mahakamani kugombea shamba.

Jumatatu wazazi walijaa darasani.

"Mwalimu, nani amekutuma?" aliuliza Valerian, mwenyekiti wa kamati yao, hata bila salamu.

"Sijatumwa. Ni somo."

"Somo gani linauliza mpaka wa shamba langu?"

Vumilia akawasogezea madaftari ya wanafunzi. "Someni wenyewe. Mkikuta mpaka hata mmoja, naondoka leo."

Valerian alipekua ukurasa kwa ukurasa. Alipofika daftari la Blessing, akainua macho kumtazama mzee Sostenes.

"Mjukuu wangu ameandika nini?" aliuliza mzee.

Valerian akasoma, sauti imeshuka: "Babu alikuwa mgambo. Alichoma nyumba ya jirani. Anasema angekataa angefungwa. Mimi nimefikiri siku tatu. Naogopa kwamba ningechoma."

Mzee alisimama polepole. "Ni kweli. Nyumba ilikuwa ya baba yake Mageni."

Mageni alikuwa amekaa benchi la nyuma. "Mzee, tumesali kanisa moja miaka yote hii!"

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliogopa."

Mageni akatoka.

Hakuna aliyemwomba Vumilia radhi. Aliruhusiwa kuendelea, ila Valerian akihudhuria kila kipindi. Akawa anakaa nyuma, anaandika. Siku moja alimuuliza mwalimu, "Baba yako ana leseni ya kuchimba dhahabu?"

Wiki ya tatu Mageni alikuja shuleni, akaomba kuonana na Blessing mbele ya mwalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uliandika kweli kwamba ungechoma?"

"Ndiyo, baba. Sikutaka kudanganya."

Mageni alimtazama kama anayetafuta ni mtu mzima gani aliyemfundisha maneno hayo. "Mwambie babu yako nitakuja Jumapili. Usimwambie nimemsamehe, sijasema hivyo."

Jumapili alikwenda. Yeye na mzee Sostenes walikaa ndani kutwa, na Blessing akatumwa kuchota maji, ndoo baada ya ndoo, hata baada ya mapipa kujaa, asiwepo kusikia.